Nilimwinua Bibi Nyangi Kitini

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, nitakurudishia kwa ufupi yale niliyokwisha kukiri, ingawa kila nikiyarudia uso unaniwaka.

Mimi ni Athanas wa Gorong'a, Tarime. Nilizaliwa katika nyumba ya wanawake wawili. Bibi Nyangi alifiwa na mumewe akiwa na mabinti watupu, wote wameolewa ng'ambo ya mpaka. Shemeji yake, Wangwe, alikaa mkao wa kurithi mji na ng'ombe. Bibi akamwahi. Akatoa mahari yeye mwenyewe, akamwoa Waisiko, ili amzalie mtoto wa kiume wa kushika nyumba. Kwetu Wakurya jambo hili linaitwa nyumba ntobhu, na ni ndoa halali.

Mtoto aliyezaliwa ni mimi. Waisiko ni mama yangu. Nyangi nilimwita Bibi kwa mdomo, lakini penye jina, shamba na ng'ombe, yeye ndiye aliyekuwa baba yangu. Hakuna mtu Gorong'a aliyeliona hilo kuwa ajabu.

Aliyeliona ajabu ni mimi, nilipofika chuoni Kampala kusomea fasihi ya Kiingereza. Wenzangu walikuwa na baba wachungaji, baba makarani, baba watoto wa machifu. Fomu iliponiuliza jina la baba nikaandika Wangwe. Kisha mwalimu wangu, Bwana Pelham, akatamani kuiona picha ya wazazi wangu. Nikawapeleka watu wangu kwa Mhindi mpiga picha pale Bomani. Picha ya kwanza Bibi Nyangi alikuwa ameketi kwenye kiti, katikati. Nikamwambia ainuke. Nikamketisha Wangwe, ikapigwa ya pili, na hiyo ya pili ndiyo niliyorudi nayo Kampala.

Hapo ndipo tulipoachana. Leo naendelea, na aibu ya leo ni kubwa kuliko ile.

Mwaka ulikuwa 1958. Shahada nilikwisha kuipata, nami nilikuwa katika mwaka wa mafunzo ya ualimu. Nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya baba na wana katika tamthilia za kale za Kiingereza. Kurasa arobaini, na thelathini na tisa zilikuwa za kawaida tu, mtu yeyote mwenye subira angeziandika.

Ukurasa mmoja ulikuwa juu ya baba yangu. Jinsi alivyowafuata wezi wa ng'ombe hadi mtoni na fimbo tupu. Jinsi alivyoketi kwenye chungu cha pombe pamoja na wazee, na mrija wake mwenyewe. Jinsi alivyonibeba mgongoni siku tatu nikiwa na homa, kunipeleka kwa masista.

Yote hayo yalikuwa kweli. Aliyeyafanya alikuwa Bibi Nyangi. Mimi nilimpachika ndevu tu.

Bwana Pelham aliniita ofisini kwake.

"Athanas, ukurasa huu umenifanya nishindwe kulala. Kuna nafasi moja ya kwenda Uingereza kusoma shahada ya pili ya fasihi. Nataka niiandikie barua kwa ajili yako."

"Ahsante sana, Bwana."

"Ila kwanza lazima nikuone darasani, kama unafundisha kama unavyoandika. Wenzako nimewapeleka shule za mijini. Wewe nimekupangia shule ya kati huko huko kwenu Tarime. Nitakuja kukukagua, na nitampa mkono baba yako."

Nilikuwa nimeomba Tabora.

Jumapili, siku moja kabla ya Bwana Pelham kufika, nilikwenda Gorong'a. Bibi Nyangi alikuwa uani anapepeta ulezi. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikazunguka sana. Nikasema habari za mvua, habari za masomo, habari za Wazungu na desturi zao.

"Mura," akanikatiza, maana ndivyo kijana aitwavyo kwetu, "ukiwa na mwiba sema mguu upi."

Nikasema. Kwamba kule Kampala wanaamini Wangwe ndiye baba yangu. Kwamba Mzungu anakuja Jumanne. Kwamba akijua nimemdanganya, haandiki barua, na Uingereza nitaisikia redioni.

Bibi hakuacha kupepeta.

"Basi Jumanne Wangwe atakaa kwenye kiti changu."

"Kwa siku moja tu, Bibi."

"Na mimi nitakuwa nani siku hiyo?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa sikuwa nimelifikiria. Msomi mzima, mwenye shahada.

"Tutasema wewe ni jirani."

"Jirani wa upande gani? Huku kuna mto, na huku kuna kaburi la mume wangu."

Mama yangu Waisiko alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mama hakuwa msemaji. Aliniangalia tu, kisha akarudi jikoni, nami nikajisikia nimepigwa.

"Haya," akasema Bibi Nyangi. "Nimekuoza kwa kitabu, siwezi kukunyang'anya harusini. Nenda kamwambie huyo Wangwe anyoe."

Wangwe alipopewa habari alicheka mpaka akakohoa. Alikubali upesi mno. Mtu mwenye akili ya kawaida angejiuliza ni kwa nini. Mimi akili yangu yote ilikuwa Uingereza.

Jumatatu nikafundisha. Darasa la wanafunzi thelathini, Bwana Pelham amekaa nyuma na daftari lake. Nilikuwa nimeandaa shairi moja la Kiingereza juu ya kijana aliyekwenda mjini, na baba yake akaja kumtembelea amevaa koti lenye viraka. Kwa nini nilichagua shairi hilo sijui mpaka leo. Labda kwa sababu nilikuwa nalijua vizuri.

Niliandika ubaoni, nikasoma, nikawasomesha, nikauliza maswali. Mambo yalikuwa yakienda kama andalio la somo lilivyotaka. Ndipo binti mmoja Mjaluo, Dorka, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule baba alikuwa anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba mtoto wake anamwonea haya."

Chaki ilinikatikia mkononi.

"Shairi halisemi, Dorka."

"Lakini wewe unaonaje, Mwalimu?"

"Kazi yetu ni kusoma kilichoandikwa. Kaa chini."

Baadaye Bwana Pelham alinionyesha alichoandika hapo: kwamba nina nidhamu ya msomi wa kweli, siongezi neno ambalo halimo katika matini. Alinipigapiga begani. "Alama za juu kabisa. Kesho nipeleke kwa mzee."

Msomaji, nilifurahi. Sikufichi. Binti wa miaka kumi na mitano alikuwa ameniweka uchi mbele ya darasa, na mimi nikafurahia alama.

Jumanne tukafika Gorong'a. Wangwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bibi Nyangi, chini ya paa la Bibi Nyangi, amenyoa, kavaa kanzu na koti la kuazima. Nilitegemea awe peke yake. Kumbe alikuwa amealika wazee wanne wa ukoo, na karani wa baraza, kijana anayeitwa Method. Na mbuzi alikwisha kuchinjwa. Mbuzi wa Bibi.

"Karibu, mgeni wetu," akasema Wangwe. "Karibu nyumbani kwangu."

Nikatafsiri. Bwana Pelham akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Akamwambia kwamba amesoma habari zake, kwamba wezi wa ng'ombe na ile homa hatavisahau.

Nikatafsiri na hayo. Wangwe, ambaye siku ya wezi alijificha ghalani, akaitikia kwa kichwa taratibu, mtu mwenye unyenyekevu wake.

Bibi Nyangi akatoka na birika la maji na beseni. Aliinama mbele ya Wangwe akammiminia maji mikononi. Ndani ya uzio ule hakuwa amemnawisha mwanamume tangu mumewe azikwe. Wazee wanne wakatazama chini.

"Na huyu mama?" akauliza Bwana Pelham.

"Jirani," nikasema.

"Ana uso mzuri," akasema. "Mshukuru kwa niaba yangu."

Nikamgeukia Bibi. "Mgeni anakushukuru, mama jirani."

"Mwambie ahsante," akasema Bibi Nyangi, akaenda kumnawisha Bwana Pelham.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana hayo mengine yalikuwa dhambi tu, na dhambi huungamwa. Katika ukoo wetu mbuzi wa mgeni akichinjwa, kidari ni cha mwenye mji. Hakichukui mwenyewe. Mtoto wake wa kiume humpelekea mbele ya watu, kwa mikono miwili, na kumwita baba. Ukifanya hivyo umesema mbele ya ukoo wewe ni wa nani. Haihitaji karatasi.

Miaka saba nilikuwa nakula kwa uma bwenini. Niliijua mila hii kama ninavyojua jina langu, na bado haikunipita akilini.

Mzee mmoja akanipa sinia yenye kidari. Wangwe akanyoosha mikono.

"Mura," akasema, "mgeni anasubiri kula."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wameitwa. Nilimtazama Bibi Nyangi. Alikuwa amesimama kando ya jiko na beseni tupu. Angenipa ishara hata ya kope, ningeiweka ile sinia chini. Hakunipa. Akaniuliza tu, polepole, kwa Kikurya:

"Ameshaandika hiyo barua?"

"Bado. Anasema ataiandika akirudi Bomani."

Akageuza uso.

Nikapiga hatua mbili. "Tata," nikasema, "pokea kidari chako."

Wangwe akapokea. Akala kidari chote mpaka akafikia mifupa. Bwana Pelham akasema hajawahi kuona heshima nzuri namna hiyo kati ya baba na mwana.

Jumatano asubuhi tarishi wa baraza akanifuata shuleni. Wangwe ameshitaki. Alhamisi nifike kwa mwanangwa Joram, mkuu wa baraza letu, kutoa ushahidi.

Madai yake yalikuwa mafupi. Athanas ni mwanawe, na Athanas mwenyewe amesema hivyo. Kwa hiyo Nyangi hana mtoto wa kiume. Na mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana nyumba, mji unarudi kwa ndugu wa marehemu. Ng'ombe, shamba la ulezi, ua, hata lile kaburi. Waisiko atahamia kwake, awe mkewe mdogo.

Mambo aliyokosa kabla sijazaliwa, mimi nilimletea kwa sinia.

Nilikimbia moja kwa moja hadi nyumba ya wageni pale Bomani, nikiwa nimeamua kumweleza Bwana Pelham kila kitu. Nilimkuta mezani, kalamu mkononi.

"Athanas! Nilikuwa nakuandikia. Nimefika nusu." Akaniinulia karatasi. "Baba yako ni mtu mwema. Amemtuma karani asubuhi kunialika kwenye baraza lenu kesho. Anasema kuna jambo la familia, na mimi ni shahidi. Ni heshima kubwa."

"Bwana, kuhusu baba yangu..."

"Ndiyo?"

Barua ilikuwa pale. Niliona jina langu, na chini yake maneno kama uaminifu, na moyo. Wino ulikuwa haujakauka.

"Atafurahi ukifika," nikasema.

Ndivyo nilivyo, msomaji. Nisingekuficha.

Alhamisi baraza lilijaa. Watu walikuja hata kutoka Turwa, maana habari ya msomi wa Kampala kukana mji wake ilikwisha kuzunguka. Bwana Pelham alipewa kiti karibu na mwanangwa. Mimi nikawekwa pembeni yake nimtafsirie.

Wangwe akasimama na ushahidi wake. Akataja wazee wanne, na wote wakakubali kwamba wameona kidari. Akataja mgeni, na mgeni akatabasamu. Kisha akatoa picha, ile ya pili, nakala yake aliyopewa na Mhindi. Akaiweka mezani.

"Nani ameketi kwenye kiti?" akauliza.

"Ni wewe," akasema mwanangwa.

"Aliyenikaribisha kwenye kiti hicho yupo hapa. Na vyeti vyake vyote vya Kampala vinasema Athanas Wangwe. Aulizwe."

Mwanangwa Joram alinisomesha darasani kwa wamisionari zamani, alinijua kwa jina la Athanas Nyangi. Alinitazama kwa huzuni, na huzuni ya mkubwa inauma kuliko fimbo.

"Athanas, baba yako ni nani?"

Nikaitazama ile picha mezani.

"Swali hili mtoto wa miaka minne analijibu."

"Naomba nifikiri, Mheshimiwa."

Watu wakaguna. Bwana Pelham akaniinamia. "Wamekuuliza nini?"

"Ni utaratibu tu, Bwana."

"Basi iwe hivi," akasema mwanangwa, kachoka. "Nyangi, huyu ni mtoto wako au si wako? Ukisema ni wako, nitamwapisha ajibu mbele ya huyu mgeni wake, apende asipende."

Bibi Nyangi akasimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Aliegemea fimbo yake, akamtazama Bwana Pelham kwa muda, kisha akanitazama mimi. Najua alichokuwa anapima. Barua ilikuwa nusu, na yeye alijua ni nusu, maana nilimwambia asubuhi ile.

"Msimtese kijana," akasema. "Mimi simjui. Mimi ni jirani. Nyumba yangu haijapata mtoto wa kiume."

Nilisikia mwanamke mmoja nyuma akianza kulia. Wangwe akakaa chini taratibu, mtu aliyeshiba.

"Amesema nini yule mama?" akauliza Bwana Pelham.

Miaka saba nilifundishwa kazi hii. Kuchukua neno la mtu na kulifikisha kwa mwingine bila kuongeza wala kupunguza.

"Amesema hanijui," nikasema.

Bwana Pelham akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Karani Method akaandika kwenye kitabu kikubwa. Akamwita Bibi Nyangi mezani aweke dole gumba. Akamshika mkono, akaukandamiza kwenye kidau cha wino. Nilikiona kidole kile kikitoka cheusi. Ndicho kilichokuwa kikinitoboa funza miguuni.

Ndipo mama yangu akasimama.

Waisiko hakuwahi kusema mbele ya baraza maisha yake yote, na hata siku ile hakusema. Alifungua fundo la kanga yake. Akatoa kitu kilichozungushiwa kitambaa, akakifungua, akapita mbele ya Wangwe, akampita mwanangwa, akampita karani mwenye kitabu. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Bwana Pelham, akampa kwa mikono miwili.

Ilikuwa picha. Ile ya kwanza. Sikujua kwamba Mhindi aliisafisha, wala kwamba mama aliifuata kwa miguu hadi Bomani kuichukua.

Bwana Pelham akavaa miwani. Akaitazama picha iliyo mkononi, kisha ile iliyo mezani. Kiti kilekile, pazia lilelile. Mimi nimesimama mahali palepale, mkono wangu uko begani kwa mtu aliyeketi. Akamtazama yule jirani mwenye uso mzuri, ambaye kidole chake kilikuwa kimebakiza upana wa ukucha kugusa kitabu.

"Subiri," akasema kwa Kiswahili chake kidogo, na karani akausimamisha mkono wa Bibi hewani.

Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiingereza, sauti ya chini, sauti ile ya ofisini kwake Kampala.

"Athanas. Huyu aliyeketi hapa ni nani?"

Baraza zima lilinitazama, na Bibi Nyangi akaanza kunitikisia kichwa: usiseme.